Taichi, Chigongi na Kungfu kwa Afya ya Maisha Yote: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wapya, na zaidi ya hao, na watoto wanaowaleta wazazi wao uwanjani wakiwa na wasiwasi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimesimama na mtu. Mengine yanahitaji maelezo marefu, mengine sentensi tatu zinatosha.

Tukisema "mazoezi ya Kichina" tunamaanisha yapi hasa?

Wengi wetu kungfu tuliijua kwenye banda la video: jamaa anaruka ukuta, anawapiga kumi peke yake, shati halijachafuka. Uwanjani mambo ni ya kawaida zaidi, na utakutana na makundi matatu yanayoingiliana.

Kuna mitindo ya kasi, kama ile inayohusishwa na hekalu la Shaolin, yenye ngumi, mateke na mikao ya chini. Kuna taichi, ambayo nayo ni sanaa ya kupigana, ila hufanywa polepole na bila kukaza misuli. Halafu kuna chigongi, yaani mazoezi ya kunyoosha mwili yanayokwenda na pumzi, ambayo hayana mpinzani wa kufikirika mbele yako. Chigongi inayojulikana zaidi ni Baduanjin, Vipande Vinane vya Hariri, yenye miondoko minane tu na iliyotajwa katika maandishi tangu enzi ya Song (960–1279).

Majibu ya hapa chini yanaegemea taichi na Baduanjin, kwa sababu mtu anaweza kuyaanza akiwa na miaka 15 au 75.

Sitaki kupigana na mtu. Kwa nini nijifunze sanaa ya kupigana ili niwe na afya?

Kwa sababu faida ya kiafya imekaa ndani ya ule upiganaji. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote, na ndipo ninapotofautiana na walimu wanaoifundisha taichi kama ngoma ya polepole.

Chukua mwondoko mmoja, Kupangusa Goti. Mkono wa kushoto unashuka na kupita mbele ya goti, wa kulia unatoka sikioni na kusukuma mbele. Ukiufanya bila kujua kazi yake, mikono inapunga hewa, mabega yanapanda, na uzito unabaki nusu mguu huu nusu mguu ule. Sasa nikuambie kazi yake: mtu amekurushia teke la tumboni, mkono wa kushoto unalifagia, wa kulia unamsukuma kifua. Ghafla kiuno kinageuka chenyewe, mguu wa nyuma unaanza kufanya kazi na mgongo unanyooka. Hakuna maelezo ya daktari wa viungo yanayoupanga mwili haraka hivyo.

Tazama na hatua yenyewe. Katika taichi mguu wa mbele hutua kisigino kwanza, mtupu, bila uzito wowote. Uzito wote bado uko nyuma. Ndipo unyayo unalala chini na uzito unahamia polepole. Mpiganaji alifanya hivyo ili mguu wake ukipigwa au ukikanyaga pasipofaa aweze kuurudisha. Mama wa miaka 70 akizoea hatua hiyohiyo, akikanyaga sakafu yenye maji bafuni, mguu unarudi kabla uzito haujaufuata. Ni ujuzi uleule, adui tu ndiye amebadilika.

Kuna pia zoezi la wawili la kusukumana mikono. Mnasimama mkitazamana, mikono imegusana kwenye vifundo, mnazungusha, kila mmoja anatafuta kumtoa mwenzake kwenye mizani bila kutumia nguvu za bega. Unalojifunza pale ni kutokakamaa unaposukumwa. Anayekakamaa huanguka kama alivyo. Anayelegeza nyonga hubaki amesimama. Siku daladala itakapofunga breki ghafla utaelewa.

Yalianzia wapi?

Hadithi ni nyingi, na nyingi ni hadithi tu. Utaambiwa taichi ilibuniwa na mtawa wa Kitao, dini ya kale ya China, aliyetazama korongo akipigana na nyoka, au kwamba kungfu yote ililetwa Shaolin na mtawa mmoja kutoka India. Ni simulizi tamu, lakini wanahistoria hawazitegemei.

Kilicho na ushahidi ni hiki. Mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua ni ya kale mno: katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta kitambaa cha hariri chenye picha za watu 44 wakifanya mazoezi, wake kwa waume, vijana kwa wazee. Mganga Hua Tuo, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, karibu mwaka 200 BK, anakumbukwa kwa mazoezi ya wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Kumbukumbu za kale zinasema alimweleza mwanafunzi wake Wu Pu kwamba mwili unahitaji kazi, ila usichoshwe kupita kiasi, na akatoa mfano wa bawaba ya mlango: haiozi kwa sababu kila siku inazunguka. Wu Pu huyo anasemekana kuvuka miaka 90 meno yake yakiwa mazima.

Taichi yenyewe ni changa zaidi. Njia zake zinarudi kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, jimbo la Henan, kwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17. Yang Luchan (1799–1872) aliichota kwa ukoo wa Chen na kuipeleka Beijing. Mjukuu wake Yang Chengfu (1883–1936) ndiye aliyeieneza kwa watu wa kawaida: alipunguza kuruka na milipuko ya nguvu, akaacha miondoko mipana ya mwendo mmoja, ile unayoiona leo kwenye bustani za China alfajiri. Mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya China ikatunga fomu fupi, yaani mfuatano uliopangwa, ya miondoko 24 kutoka mtindo huo wa Yang, na Desemba 2020 UNESCO ikaiweka taichi kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kweli yanarefusha umri?

Sitakuahidi. Wanaoahidi huwataja mabingwa walioishi sana, na wapo kweli. Ma Yueliang wa Shanghai, wa mtindo wa Wu, alizaliwa 1901 akafa 1998. Mkewe Wu Yinghua, naye mwalimu, aliishi 1907 hadi 1996. Wote walifundisha hadi uzeeni.

Lakini hesabu tena miaka ya Yang Chengfu niliyoiandika hapo juu. Mtu ambaye karibu kila mwanafunzi wa taichi duniani anamdai shukrani alifariki akiwa na miaka 53 hivi. Picha zake za baadaye zinamwonyesha akiwa mnene sana. Ustadi wake haukuwa na shaka, na bado haukumfikisha 60. Chakula, uzito, magonjwa ya zama na bahati ya kuzaliwa navyo vina neno. Mazoezi haya yanabadilisha zaidi namna unavyouishi uzee: kama unanyanyuka kitini bila kushikwa, kama unapanda ngazi ya msikiti au kanisa bila kusimama katikati.

Utafiti wa kisayansi unasemaje?

Kuhusu kuanguka, unasema mengi na kwa sauti moja. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliotolewa 2018, ulichukua watu 670 wa miaka 70 na kuendelea waliokuwa tayari wameanguka au wenye shida ya kutembea. Walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, kwa wiki 24. Kundi la taichi lilianguka kwa asilimia 58 pungufu kuliko kundi la kunyoosha viungo tu, na asilimia 31 pungufu kuliko kundi la mazoezi mchanganyiko ya nguvu na mizani. Kumbuka mzee akivunjika nyonga mara nyingi hataki tena kutoka nje, na hapo ndipo mengine huanza kuharibika.

Miaka sita kabla, watafiti haohao walikuwa wamewapima watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na waliofanya taichi walisimama imara zaidi. Mwaka 2016, kwa watu 204 wenye magoti yaliyosagika, taichi ya wiki 12 ilipunguza maumivu sawa na matibabu ya mtaalamu wa viungo. Na mwaka 2024 utafiti wa China kwa watu 342 ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja taichi ilishusha namba ya juu kwa takriban 7, na mazoezi ya mbio na baiskeli kwa takriban 4.6.

Madai mengine, kama kuponya saratani au kufuta kisukari, hayana ushahidi wa namna hiyo. Ukiyasikia, kuwa mgumu.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana miaka 72 na magoti yanamuuma. Aanze?

Marahaba. Aanze, lakini kwanza aonwe na daktari ili ijulikane ni maumivu gani. Goti lililovimba, lenye joto au linalokwama katikati ya hatua ni la hospitali kabla ya kuwa la uwanjani.

Akiruhusiwa, aanze akiwa na kiti. Miondoko mingi ya Baduanjin hufanyika vizuri mtu akiwa ameketi, na taichi ya kiti ipo. Akisimama, asimame juu, magoti yamelegea kidogo tu. Kushuka chini si kipimo cha ustadi kwa mtu wa umri wake, na mwalimu anayemwambia mama yako ashuke zaidi, mwondoe hapo.

Na nisikilize vizuri kuhusu goti, kwa sababu ndilo linaloumizwa zaidi na taichi mbovu. Goti huelekea vinakoelekea vidole vya mguu huo, siku zote. Lisiingie ndani. Lisipite ncha ya vidole. Ukitaka kugeuka, toa uzito kwanza, geuza mguu ukiwa mtupu, ndipo urudishe uzito. Wengi hugeuza kiuno huku mguu uliobeba mwili mzima umeganda sakafuni, na msokoto wote unaishia kwenye goti. Baada ya miezi wanasema taichi imewaharibu magoti, kumbe ni ule mgeuko mmoja waliourudia kila siku. Maumivu ya mapaja ni ya kawaida. Maumivu ndani ya goti ni ishara ya kusimama na kuangalia unachofanya.

Nina presha. Nina sukari. Kuna miondoko ya kuepuka?

Mwenye presha asibane pumzi hata mara moja, na asiinamishe kichwa chini ya moyo. Katika Baduanjin kuna mwondoko wa tano, wa kuyumbisha kichwa na kiuno, na wa sita, wa kuteremsha mikono hadi miguuni. Yote miwili afanye nusu, kichwa kikibaki juu. Mwenye presha ya macho afanye vivyo hivyo.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asifanye mazoezi tumbo tupu, awe na kitu kitamu mfukoni, na kama ganzi imeanza miguuni asifanye peku. Anaweza kukanyaga msumari asijue mpaka kidonda kiwe kikubwa.

Dawa zinaendelea kama kawaida. Namba zikishuka, anayepunguza dozi ni daktari.

Kuna mwalimu anasema anaweza kuponya kwa kuelekeza mikono bila kugusa, na kwamba niache dawa.

Ondoka. China yenyewe ililipitia jambo hili. Miaka ya 1980 na 1990 chigongi ilivuma kupita kiasi, watu wakijaza kumbi na viwanja kusubiri "kutumiwa nguvu" na mabingwa waliojitangaza kuponya kila kitu. Fedha nyingi zilipotea na wapo walioacha matibabu. Baadaye mamlaka ya michezo ilikaa na wataalamu ikachagua seti nne za kale, Baduanjin, Wuqinxi (yale ya wanyama watano), Yijinjing na Liuzijue, ikazisanifisha na kuzitangaza mwaka 2003 kama mazoezi ya afya tu, bila miujiza. Sisi nasi tunawajua watu wa aina hiyo, hawahitaji kutoka mbali.

Hii "chi" ni kitu gani? Ni lazima niiamini?

Si lazima. Tiba ya Kichina huielezea chi kama nguvu ya uhai inayopita mwilini kwa njia maalumu, na majina ya miondoko yamejaa lugha hiyo: huu wa tumbo, huu wa figo, huu wa kutuliza moto wa moyo. Mimi naitumia kama lugha ya kazi. Mwalimu akisema "shusha chi tumboni", fanya hivi: legeza mabega, legeza kifua, acha pumzi ifike chini hadi tumbo lijae. Umeshashusha. Ukihisi vidole vinapata joto na uzito baada ya dakika chache, mwili umetulia na damu inafika vizuri zaidi mwishoni mwa mikono. Wapo wanaoona zaidi ya hapo, na hatugombani.

Je, ni dini? Mimi Mwislamu / Mkristo, naruhusiwa?

Swali hili huja kila darasa jipya, na ni la haki. Baadhi ya mitindo ilikulia kwenye mahekalu ya Kibudha na Kitao, na baadhi ya walimu bado wana sanamu na udi ukumbini. Lakini mazoezi yenyewe hayana sala, kiapo wala ibada. Kuinua mikono juu na kuishusha ni kuinua mikono juu na kuishusha. Salamu ya ngumi ndani ya kiganja ni heshima ya kawaida kwa mwalimu na mwenzako. Ikikusumbua, sema tu na mwalimu.

Kwa Waislamu napenda kuwaeleza habari za Wang Ziping. Alizaliwa mwaka 1881 huko Cangzhou, jimbo la Hebei, katika jamii ya Wahui, Waislamu wa China, ambao wana mitindo yao mashuhuri ya kungfu, kama Chaquan. Alijulikana kwa nguvu, mieleka na uunganishaji wa mifupa, na taasisi kuu ya sanaa za mapigano ilipoanzishwa Nanjing mwaka 1928 alikabidhiwa idara ya Shaolin. Fikiria: Mwislamu anaongoza idara yenye jina la hekalu la Kibudha, na hakuna aliyeona ajabu. Uzeeni alitunga mazoezi 20 ya kuzuia maradhi na kurefusha umri, mepesi, ya mtu yeyote. Alifariki 1973 akiwa na zaidi ya miaka 90.

Sawa, nimekubali. Nianze na nini?

Na kusimama. Najua si ulichokitarajia.

Simama miguu iwe upana wa mabega, vidole vikielekea mbele. Legeza magoti kidogo. Kidevu ndani, kisogo kinapanda juu. Inua mikono mbele ya kifua, viganja vikikutazama, viwiko chini ya mabega. Mkao huu huitwa Kukumbatia Mti. Pumua kwa pua. Kaa hapo dakika mbili. Baada ya sekunde 40 hivi utagundua mabega yamepanda karibu na masikio bila kukuomba ruhusa. Yashushe. Yatapanda tena. Mapaja yataanza kupata moto, kisha kutetemeka, na akili itakumbuka sufuria iliyoko jikoni na madeni yote unayodaiwa. Hayo yote ndiyo zoezi. Wang Xiangzhai (1885–1963), aliyeanzisha mtindo wa Yiquan, aliufanya msimamo huu kuwa kiini cha mafunzo yake, na waliokuja kwake hawakuwa wagonjwa pekee, walikuwamo wapiganaji. Ongeza dakika moja kila wiki hadi ufike kumi. Inatosha.

Wiki ya pili ongeza mwondoko wa kwanza wa Baduanjin, Mikono Miwili Yainua Mbingu. Ingiza vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine mbele ya kitovu, viganja juu. Ukivuta pumzi, inua hadi kifuani, geuza viganja nje, endelea kusukuma juu mpaka mikono inyooke, macho yakifuata. Tulia kidogo bila kubana koo. Ukitoa pumzi, achanisha vidole, shusha mikono kwa pembeni, magoti yalegee tena. Kosa la karibu kila mtu ni kupinda kiuno nyuma na kutokeza mbavu ili mikono ionekane imefika mbali. Heri mikono isinyooke kuliko mgongo upinde. Mara sita, basi. Kila baada ya siku chache ongeza mwondoko mwingine hadi yote minane. Ukiijua yote, seti nzima huchukua kama dakika 12.

Mwezi wa pili jifunze kutembea. Ile hatua niliyoieleza mwanzo, mguu mtupu na mguu uliobeba, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, mikono kiunoni. Watu huiruka hatua hii kwa sababu haipendezi kwenye video. Usiiruke, maana fomu nzima ni hatua hii iliyovishwa mikono.

Hapo sasa ingia fomu ya 24. Ukishaijua ni dakika tano au sita kutoka mwanzo hadi mwisho. Kujifunza mfuatano wake huchukua miezi michache kwa anayefika darasani kila wiki. Kuifanya vizuri ni hesabu nyingine.

Kwa siku dakika ngapi?

Dakika 20 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wazee waongeze ya mizani na nguvu angalau siku tatu. Ukifanya taichi dakika 20 kila siku na kutembea kwa miguu kwenda sokoni, umeshafika.

Asubuhi mapema ndiyo bora pwani, kabla jua halijawa kali. Wengi hufanya baada ya sala ya alfajiri. Usifanye ukitoka tu kula ukashiba.

Mimi ni kijana wa miaka 20. Taichi si ya wazee?

Taichi ya bustanini ndiyo, imerahisishwa kwa ajili yao. Omba ufundishwe mtindo wa Chen wenye kukanyaga kwa kishindo na kurusha nguvu, ushuke chini kwenye mikao, kisha uniambie kama ni ya wazee. Katika umri wako mwili unahitaji pia moyo ukimbie: kungfu ya kasi, kamba, mchakamchaka na wenzako alfajiri. Taichi peke yake haikutoshi. Lakini ukianza sasa kujifunza kulegea na kushika mizani, ukifika 50 huna haja ya kuanza upya, unapunguza tu kasi na kina.

Ukipenda mashindano, kuna wushu ya kisasa, yaani kungfu ya mashindano, yenye majaji na pointi. Imeingizwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangwa kufanyika Afrika.

Naweza kujifunza kwa video tu?

Baduanjin, ndiyo, kwa uangalifu. Miondoko ni michache, husogei sana, na kioo kitakuonyesha mengi.

Taichi, hapana, si peke yake. Video haiwezi kukuambia goti lako limeingia ndani, na kwa pembe ya kamera huwezi kuona uzito uko mguu gani. Tafuta mwalimu hata mara moja au mbili kwa mwezi, video ziwe za kukukumbusha mfuatano. Taasisi za Confucius, vituo vya lugha na utamaduni wa China kwenye vyuo vikuu, ni mahali pa kuulizia. Ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Dar es Salaam na Dodoma zipo. Baadhi huchanganya taichi na masomo ya lugha. Vilabu vya kungfu vya mtaani navyo vina walimu wazuri, ila watazame wanafunzi wao wa muda mrefu kabla hujalipa. Wakitembea wakichechemea, umepata jibu.

Mkanda mweusi huchukua miaka mingapi?

Kungfu ya jadi haikuwa na mikanda ya rangi. Shule nyingi siku hizi wanayo, kwa sababu wanafunzi wanaipenda na ada ya mtihani inalipa kodi ya ukumbi.

Nivae nini? Na wanawake wanaotaka kujisitiri?

Chochote kisichobana nyonga, na raba zenye soli bapa, nyembamba. Raba nene za kukimbilia hukunyima kuhisi ardhi na huinua kisigino. Ufukweni ni pazuri kwa macho, lakini mchanga laini huyumbisha vifundo vya miguu. Anayeanza atafute sakafu au ardhi ngumu.

Kwa mavazi ya stara hakuna tatizo lolote, ila gauni refu lipandishwe kidogo ili kisigino kisilikanyage wakati wa kurudi nyuma. Taichi inarudi nyuma mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Eneo la meta mbili kwa tatu sebuleni linatosha Baduanjin na nusu ya fomu. Kwa hiyo wanaopendelea kufanyia nyumbani, au wenyewe kwa wenyewe, hawapungukiwi.

Niliacha miezi minane. Nianze tena vipi?

Usianze na fomu. Utagundua umesahau katikati, utakasirika, utaacha tena. Rudi kwenye kusimama dakika mbili na Baduanjin nzima kwa wiki mbili. Hiyo mwili hausahau. Kisha fanya fomu hadi pale unapokumbuka, hata kama ni miondoko sita, usimame hapo na kurudia hiyohiyo. Mara nyingi wa saba hujileta wenyewe siku ya tatu au ya nne, na usipojileta, mwalimu yupo. Na kama uliacha kwa sababu ya ugonjwa au upasuaji, mwambie kabla hujasimama mstari, asikupange na wenye kuruka.